Usambara Katika Ramani ya Wajerumani: Uhakiki

Utangulizi

Wanafunzi wetu hufundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Huulizwa nani aliyeandika, aliwaandikia akina nani, ametumia fani gani, na maudhui ya kazi yake ni yapi. Lakini mwalimu wa Jiografia anapotundika ramani ukutani, maswali hayo hunyamaa ghafula. Ramani huchukuliwa kuwa ni nchi yenyewe iliyopunguzwa ukubwa, kama kivuli cha mti wakati wa adhuhuri. Hakuna anayeuliza mtunzi wake ni nani, maana inadhaniwa kwamba milima na mito haina mtunzi ila Muumba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ramani nayo imeundwa: ina mtunzi, ina lugha yake, ina wasomaji waliokusudiwa, na ina mambo ambayo mtunzi aliamua kuyasema na mengine aliyoyaacha. Kwa hiyo yafaa ihakikiwe kama kazi nyingine yoyote iliyotoka mikononi mwa binadamu.

Mfano tutakaoutumia ni ramani ya milima na misitu ya Usambara kama ilivyochorwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa katika mfululizo wa ramani za Afrika Mashariki ya Kijerumani za kipimo cha 1:300,000. Mfululizo huo ulianzwa na Richard Kiepert katika miaka ya 1890, ukaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na ukachapishwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Tumeichagua Usambara kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa sehemu za bara zilizopimwa mapema na kwa uangalifu mkubwa. Pili, nchi hiyohiyo ilipata mwandishi wake wa Kiswahili, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi. Hivyo tunazo kazi mbili juu ya milima ileile, moja ya mistari na nyingine ya maneno, na twaweza kuzilinganisha.

Nchi yenyewe

Kabla ya kuihakiki picha, hatuna budi kumtazama anayechorwa. Usambara ni milima iliyoinuka kwa ghafula kutoka nyikani, nyuma ya pwani ya Tanga. Bonde la mto Luengera huigawa sehemu mbili. Usambara ya Mashariki ni ndogo na imeelekea bahari; huko ndiko Amani iliko, na huko ndiko chimbuko la mto Sigi, ambao maji yake huufikia mji wa Tanga. Usambara ya Magharibi ni kubwa na ndefu zaidi, na vilele vyake vya juu hupita mita 2,200. Upande wa kusini-magharibi milima hiyo huteremka kama ukuta hadi kwenye bonde la Mkomazi. Msafiri anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu mita 1,000 katika mwendo wa kilomita zipatazo 33 tu, akaiacha nchi ya joto na miiba na kuingia katika nchi ya ukungu na migomba.

Wasambaa wenyewe wana maneno mawili ya kuieleza tofauti hiyo: Shambaai na nyika. Shambaai ni nchi ya juu, yenye mvua, ambako mgomba hustawi. Nyika ni nchi ya chini, yenye jua kali na mvua haba. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, ameeleza kwamba tofauti hii kwao si ya urefu wa ardhi tu. Ni tofauti ya mimea, ya kilimo, ya afya na ya maisha. Tena ameonyesha kwamba vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mkulima aliweza kutunza migomba yake juu na kushuka kulima mazao mengine chini. Njaa ikiupiga upande mmoja, upande wa pili ulimwokoa. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Ramani ilivyotungwa

Mtu akiiona ramani iliyokamilika, hudhani kwamba mchoraji alisimama mahali pa juu akaiona nchi yote. Sivyo. Ramani za wakati ule zilitungwa kwa miguu. Msafiri alitembea na dira mkononi na saa mfukoni. Kila njia ilipopinda aliandika mwelekeo mpya na muda aliokwenda, na kutokana na muda huo alikisia umbali. Vilima alivyoviona kushoto na kulia alivichora kwa haraka katika daftari. Urefu wa mahali alipokanyaga aliukadiria kwa chombo cha kupimia kani ya hewa, au kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa sababu kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Usiku, mawingu yakiruhusu, alizipima nyota. Madaftari hayo yalipelekwa Ulaya, na huko Berlin wachoraji waliunganisha njia ya msafiri mmoja na njia ya mwingine mpaka ukapatikana ukurasa mmoja.

Kwa Usambara, mmoja wa wasafiri waliotangulia katika kazi hiyo ni Oscar Baumann wa Austria. Historia ya safari zake inatufundisha mengi. Mwaka 1888 alifika Usambara pamoja na Hans Meyer, lakini walipokuwa wakirejea pwani vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka, nao wakakamatwa na kufungwa, wakaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka 1890 Baumann alirudi, safari hii kwa kazi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1891 akachapisha Berlin kitabu juu ya Usambara na nchi za jirani, pamoja na ramani. Basi mpangilio wa matukio ni huu: kwanza upinzani ulivunjwa, kisha mpimaji akatumwa na kampuni iliyotaka kujua ni nini ilichokuwa ikikitwaa.

Hatusemi haya ili kumvunjia Baumann heshima ya kazi yake. Alikuwa mpimaji hodari na mwenye bidii. Tunayasema ili mwanafunzi ajue kwamba aliyetoa fedha za safari ndiye aliyeuliza swali, na ramani ndiyo jibu. Swali la Wasambaa, yaani mvua itanyesha lini na mgomba utastawi wapi, halikuwa swali la kampuni. Kampuni iliuliza reli itapita wapi, kahawa itapandwa wapi, na maji yako umbali gani.

Yako pia majina ambayo hatuyasomi katika ukurasa huo. Msafiri wa Kizungu hakutembea peke yake. Walikuwapo wapagazi, wapishi, wakalimani na wenyeji walioonyesha njia. Katika msitu mzito, ambamo mtu haoni zaidi ya hatua chache mbele yake, dira haimwambii mgeni kwamba mto utakaovukwa baada ya saa moja unaitwaje. Mwenyeji ndiye anayemwambia. Kwa hiyo kila jina la Kisambaa lililo katika ramani ile ni sauti ya mtu fulani aliyeulizwa akajibu. Pembeni mwa karatasi limeandikwa jina la mchoraji na la mchapaji. Jina la aliyejibu halimo. Mhakiki wa leo, akisema kwamba ramani ile ni kazi ya Wajerumani peke yao, atakuwa anarudia dhuluma ileile.

Fani

Tukiichunguza fani ya ramani, hatuna budi kukiri uzuri wake. Milima imechorwa zaidi kwa kivuli kuliko kwa mistari ya kontua iliyo katika ramani za siku hizi, na jicho huiona nchi ikijikunja na kujikunjua kama nguo iliyotupwa kitandani. Mito imechorwa kwa mkono mwepesi. Ni kazi ya mafundi waliobobea.

Lakini kila fani ina mipaka yake. Katika kipimo cha 1:300,000, sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi. Usambara ya Magharibi, ambayo urefu wake ni kilomita 90 hivi, inaingia katika sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Shamba lenye upande wa mita 100, ambalo laweza kulisha jamaa nzima, linakuwa theluthi moja ya milimita: halifikii hata unene wa mstari wa kalamu. Kwa hiyo si kwamba mchoraji alilisahau shamba la mkulima. Kipimo alichokichagua hakikuwa na nafasi ya shamba. Kilikuwa na nafasi ya mlima, mto, njia, kituo cha serikali, misioni na mashamba makubwa ya walowezi. Uchaguzi wa kipimo ni uchaguzi wa yupi aonekane na yupi asionekane. Hili ni jambo la fani, lakini limekwisha kuwa jambo la maudhui.

Mfano wa pili ni kile kivuli cha mlima tulichokisifu. Ukingo wa Usambara kuelekea Mkomazi, ukitazamwa katika ramani, ni ukuta mweusi unaoitenga nchi ya juu na ya chini. Jicho la msomaji husimama hapo. Lakini tumekwisha kuona kwamba kwa mkulima wa Kisambaa ukingo ule haukuwa ukuta, ulikuwa ngazi. Aliushuka na kuupanda, na maisha yake yalitegemea pande zote mbili. Mchoraji hakusema uongo, kwa maana mteremko upo na ni mkali kweli. Ila alama ileile inayosema kweli juu ya jiwe inaweza kumpotosha msomaji juu ya watu. Hapo ndipo uhakiki unapohitajika.

Maudhui: nchi isiyo na mwenyewe?

Sasa tufike kwenye kiini. Usambara, kwa kuwa ilitembelewa na wapimaji wengi, ina nafasi tupu chache kuliko sehemu nyingi za bara katika mfululizo ule. Hata hivyo, kati ya njia moja ya msafiri na nyingine kuna misitu na miteremko isiyo na neno lolote. Msomaji wa Berlin aliyesoma ukimya huo alielewa nini? Alielewa kwamba mahali pale hapana mtu.

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Ramani peke yake haikumnyang'anya mtu shamba. Sheria ndiyo iliyofanya hivyo, nayo ililindwa kwa bunduki. Mwaka huohuo wa 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Lakini sheria ya namna hiyo ilihitaji picha ya nchi yenye nafasi tupu, na ramani iliyatimiza mahitaji hayo. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana kuwa pori. Msitu wa kutambikia, ambao haukukatwa kwa sababu wazee waliukataza, ulionekana kuwa msitu usio na mlinzi. Heshima ya watu kwa ardhi yao ikageuzwa kuwa ushahidi kwamba ardhi hiyo si yao.

Ajabu ni kwamba ramani yenyewe inatoa ushahidi kinyume cha sheria iliyoitumikia. Tazama majina ya Usambara yanayoanza kwa kwa au kwe, mathalani Kwamkoro upande wa mashariki, na Kwemashai upande wa magharibi. Kwa kawaida jina la namna hiyo humaanisha pa mtu fulani, au mahali panapojulikana kwa jambo fulani. Mpimaji aliliandika kama lebo ya mahali. Msomaji wa Kiswahili hulisoma kama sentensi: hapa ni kwa fulani. Basi katika nchi iliyotangazwa kuwa haina wenyewe, karatasi ya serikali ileile ilikuwa imeandika kwa wino kwamba pana mwenyewe, tena jina lake limo. Mwanafunzi anayejua Kiswahili na Kisambaa anaweza kuusoma ushahidi huo ambao waliouchapisha hawakuusoma.

Majina mengine yalikuwa ya kupachikwa. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari wa Ujerumani. Misioni ya Mlalo, iliyoanzishwa mwaka 1891, ikaitwa Hohenfriedeberg. Kiwanda cha mbao cha Shume kikaitwa Neu-Hornow; kutoka huko magogo ya mierezi yaliteremshwa kwa waya wa angani hadi stesheni ya Mkumbara. Hata majina yaliyobaki ya Kiafrika yalivishwa herufi za Kijerumani: Vuga ikawa Wuga, Mazinde ikawa Masinde. Majina yale ya kupachikwa yamekufa na utawala uliyoyaleta. Leo hakuna mtoto Lushoto asemaye kwamba anatoka Wilhelmstal. Hii ni faraja, lakini pia ni funzo: jina hudumu likiwa na watu wanaolihitaji katika mazungumzo yao, si kwa sababu limechapishwa kwa herufi nzuri.

Msitu uliowadanganya wapimaji

Kuna kosa jingine la maudhui, nalo liliwagharimu Wajerumani wenyewe. Walipoiona misitu minene ya Usambara ya Mashariki, walihitimisha kwamba ardhi ibebayo miti mikubwa kiasi hicho lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Tangu mwanzo wa miaka ya 1890 mashamba ya kahawa yalifunguliwa huko, Derema na kwingineko. Msitu ulikatwa na mibuni ikapandwa. Baada ya miaka michache mavuno yakafifia, na kahawa ya Usambara haikutimiza matumaini ya wenye mitaji. Sababu ni kwamba rutuba ya msitu wa milima ya tropiki kwa sehemu kubwa haimo ndani ya udongo; imo katika miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya ardhi. Ukiiondoa miti, umeondoa na rutuba.

Ramani ilikuwa imewaonyesha msitu uko wapi. Haikuwaonyesha msitu unaishi vipi. Chuo cha utafiti wa kilimo na mimea kilianzishwa Amani mwaka 1902, na elimu juu ya udongo na mimea ya milima hiyo iliongezeka baada ya hapo, wakati miti mingi ilikwisha kuanguka. Ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani na ambalo mwaka 1893 lilipewa jina la kisayansi kwa kumbukumbu yake, likaenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Kwao lilikuwa pambo la nyumba. Kwao wenyeji wa milima lilikuwa ni ishara tu ya jiwe lenye unyevu na kivuli cha msitu uliosimama.

Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha kuihukumu nchi. Feierman ameyaandika maneno yao mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Nchi iliyopona ni ile yenye mvua kwa wakati wake, chakula na amani. Nchi iliyoharibika ni ile yenye ukame, njaa na watawala wanaogombana. Hakuna alama katika ufunguo wa ramani yoyote iwezayo kuonyesha hali hizo mbili. Lakini mkulima hakuweza kuishi bila kuzijua.

Katika miaka ya 1940 na ya 1950 serikali ya Waingereza nayo iliichora milima na kuipangia. Kwa kuhofia mmomonyoko wa udongo iliwalazimisha wakulima wa Mlalo, na baadaye wa sehemu nyingine za Usambara, kulima kwa matuta. Wakulima walipinga, na wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya jembe, walikuwa mstari wa mbele. Mpango huo uliachwa kabla ya Uhuru. Hofu ya mmomonyoko haikuwa ya uongo. Mvua za Usambara huibeba ardhi kweli. Kosa lilikuwa kuusoma mteremko na kutomsoma mtu anayeulima: ana mikono mingapi, ana mashamba mangapi yaliyotawanyika, na ardhi yake nzuri imechukuliwa na nani.

Ramani ya pili: Habari za Wakilindi

Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy hakuchora mstari hata mmoja. Alikuwa Mswahili aliyeishi katika mabaraza ya watawala wa Kilindi na kusikiliza wazee. Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu katika misioni ya Magila, na kikachapishwa upya Nairobi mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Husomwa kama tarehe ya wafalme. Tunashauri kisomwe pia kama ramani.

Humo Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu, anafukuzwa kwao Nguu, anapita Kilindi, anaingia milimani, na hatimaye anafanywa mtawala huko Vuga. Kila mahali anapofika pana tendo lililofanyika: hapa aligawa nyama, pale alioa, pale aliamua shauri. Umbali kati ya mahali na mahali haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa yaliyotokea na kwa udugu uliofungwa. Msomaji anayemfuata Mbegha hufika Vuga akijua kwa nini Vuga ni Vuga. Msomaji wa ramani ya Berlin hujua tu iko wapi. Wageni waliofika kwa mfalme Kimweri, kama Krapf mwaka 1848 na tena 1852, na Burton na Speke mwaka 1857, walihitaji ujuzi wa aina zote mbili: wa njia ya kupanda mlima, na wa nani atakayewaruhusu kuipita.

Hata hivyo, uhakiki ukiwa wa haki hauna mpendwa. Habari za Wakilindi nayo ina nafasi zake tupu. Imetungwa barazani mwa watawala, na watawala ndio wanaojaa kurasa zake. Mkulima wa kawaida huonekana anapoleta kodi au anapopigana vita. Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862 wakuu wa Kilindi waligombana, na katika vita hivyo watu wengi wa milimani walikamatwa na kuuzwa pwani kama watumwa. Huwezi kuisoma historia hiyo kisha ukasema kwamba kabla ya Mjerumani kila mtu alikuwa mwenyewe wa nchi yake kwa usawa. Mjerumani alichora mlima bila mkulima. Mwandishi wa baraza aliandika ufalme ambamo mkulima ni kivuli. Hasara ya kwanza ni ya ukoloni, ya pili ni ya tabaka. Anayeilaani moja na kuifumbia macho nyingine hajahakiki, amechagua upande tu.

Je, ramani ile itupwe?

Wako wanaosema kwamba hati za wakoloni zilitungwa kwa nia mbaya, hivyo hazina nafasi katika utamaduni wa taifa. Maoni haya yana uchungu wa haki, lakini hatuyakubali, kwa sababu tatu.

Kwanza, ramani ile ni ushahidi. Inaonyesha vijiji, njia na misitu ilivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Anayetaka kujua msitu umepungua kiasi gani, au kijiji kilihamishwa kutoka wapi, ataihitaji. Nyaraka za mnyang'anyi ndizo mara nyingi zinazotaja orodha ya vilivyochukuliwa.

Pili, ina jasho letu. Tumekwisha kusema kwamba majina yake yalitolewa na wenyeji, na mizigo ya vyombo vyake ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika. Kuitupa ni kuwatupa na hao.

Tatu, bado tunaishi ndani yake. Baadhi ya mipaka ya misitu ya hifadhi ya Usambara ina asili yake katika enzi ya Wajerumani. Taifa huru liliirithi mipaka hiyo, likachora ramani zake za kipimo cha 1:50,000 zenye kontua na kutegemea picha zilizopigwa kutoka angani, na mwaka 1997 likaifanya Amani kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Misitu hiyo ni tunu, na maji ya Tanga yanaitegemea. Lakini anayeishi kando ya mpaka ana haki ya kuuliza uliwekwa lini, na nani, na babu yake aliulizwa au hakuulizwa. Swali hilo si uasi dhidi ya msitu. Msitu unaolindwa na watu wanaojua historia ya mpaka wake una walinzi wengi kuliko ule unaolindwa na bango peke yake.

Hitimisho

Tumeiona ramani ya Usambara kuwa kazi yenye fani ya hali ya juu na maudhui yenye upungufu. Inasema kweli juu ya mlima kwa kadiri miguu ya wapimaji ilivyofika, na inanyamaza juu ya watu kwa kadiri waliowatuma walivyotaka. Tumeona pia kwamba ukimya huo si mkamilifu: majina yanasema.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi moja. Kila mwanafunzi achukue karatasi na kuchora kijiji chake bila kutazama ramani yoyote iliyochapwa. Kisha aende kwa bibi au babu yake na kuuliza jina la kila kilima, kila kijito na kila mti mkubwa, na sababu ya jina hilo. Awaulize hasa wanaochota maji na kutafuta kuni, maana hao ndio wanaovijua vijia ambavyo havimo katika karatasi ya mtu yeyote. Mwishowe aiweke karatasi yake kando ya ramani ya serikali na kuandika insha: nini kimo hapa na hakimo kule, na kwa nini. Atagundua kwamba hata yeye ameacha kitu. Pengine amekuza nyumba yao na kuisahau ya jirani. Hapo ndipo atakapoelewa kwamba kuchora ni kuchagua, na kwamba anayechagua huwajibika.

Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Kipimo cha ramani kinaweza kusahihishwa wakati wowote kwa vyombo bora zaidi. Jina lililokufa pamoja na mzee aliyelijua halina chombo cha kulipima tena. Basi zoezi hili lifanywe sasa, na karatasi hizo zitunzwe shuleni, pamoja na ramani ya Wajerumani na Habari za Wakilindi, ili kizazi kijacho kikitaka kuihakiki kazi yetu nasi, kiwe na pa kuanzia.